Kona ya Juu, Kushoto

Wonogiri, 11 Januari 2017

Dik Sih, mdogo wangu uliyesoma,

Salamu zangu zikukute umekaa, maana ni nyingi. Sisi tu wazima. Mvua inanyesha bila kupumzika, paa la msikiti linavuja pale pale anaposimama imamu, na watu wanasema safari hii Mungu amelenga vizuri. Mbuzi wangu amezaa mapacha, mmoja nimempa jina lako kwa sababu analia kwa utaratibu. Goti langu la kulia bado limeninunia. Unauliza kwa nini sipigi simu. Nikishika simu napiga kelele mpaka kuku wa jirani wanaacha kutaga, na jirani amekwisha kuja kulalamika. Barua haina kelele. Halafu nilisoma madarasa manne, nataka yanifae kabla sijafa.

Sasa neno lenyewe. Kibao cha kusema ulichotutumia kimefika, hakikuvunjika. Bu Rum, mwalimu wa Palupi, alikileta mwenyewe akakaa naye sakafuni asubuhi nzima. Unajua mjukuu wetu mikono yake haimtii na ulimi wake haumtii, miaka kumi na moja sasa. Lakini kifundo cha kidole chake cha shahada kinamtii kikiwa na hamu. Akakitua juu ya picha ya glasi. Kibao kikasema, kwa sauti yako wewe, Dik, ile yenye marashi: "Naomba radhi, kama haitakuwa usumbufu, ningefurahi kupata chai."

Niliruka. Nilidhani umo chini ya kitanda.

Tangu mama yake aende Taiwan kutunza kikongwe wa watu, hakuna mwanamke aliyeongea ndani ya nyumba hii. Sasa umeingia wewe, asubuhi mpaka jioni. Na lugha uliyomtilia ni ile ya juu kabisa, ya kuongea na wakubwa. Anaomba tofu ya kukaanga kama mke wa liwali anayeomba farasi. Mimi ninayemfuta kamasi ananiita Eyang. Maisha yangu yote nimekuwa Mbah, babu wa kawaida, leo nimepandishwa cheo na picha.

Usidhani nakudharau. Jana aliweka shavu lake juu ya vifurushi vya tempe, maharage yangu ya kuchachusha, kama anavyonifanyia kila siku kupima joto, kwa kuwa shavu lile linajua tempe iliyoiva kuliko mkono wangu. Akainuka, akabonyeza: "Hii imekuwa nzuri sana." Nimetengeneza tempe tangu sina ndevu, na hakuna mtu ndani ya nyumba yangu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikwenda nyuma nikaosha maharage yaliyokwisha kuoshwa.

Kaka yako,
Ponidi


Semarang, 3 Februari 2017

Kwa Kang Ponidi, kaka yangu ninayemheshimu,

Amani iwe nyumbani kwako. Huku sisi tunaendelea vizuri, isipokuwa mume wangu ambaye shinikizo la damu limemfanya asile chumvi, na asiyekula chumvi anakuwa mkali. Tempe uliyompa dereva wa basi ilifika ikiwa bado na joto. Habari za mbuzi hazikunifurahisha, lakini nashukuru kwa kukumbukwa.

Maneno yale, Kang, niliyarekodi kwa wiki nyingi, nimejifungia chumbani, godoro nimelisimamisha mlangoni kuzuia kelele za pikipiki. Wanaotengeneza vifaa hivi hawavitilii Kijawa chetu, kwa hiyo ni lazima mtu akitie kwa kinywa chake, kitufe kwa kitufe. Lugha ya juu niliichagua kwa makusudi. Nimefundisha miaka thelathini. Mtoto anayekimbia na kusema akikosa adabu, watu wanamsamehe. Mtoto wa kiti cha magurudumu akikosa adabu, watu wanaondoka. Mimi nataka wasiondoke.

Jambo jingine. Taasisi ninayoishauri hapa mjini ina bweni safi, ina wataalamu wa viungo na wa usemi, ina ukumbi na vifaa. Huko kwenu Bu Rum yuko peke yake na darasa zima. Wewe una goti, Kang, na Palupi anazidi kuwa mzito. Nimemwandikia mama yake. Amejibu kwamba ataridhia iwapo mtoto mwenyewe ataridhia. Nitakuja mwezi wa kuzuru makaburi, kabla ya mfungo, na tutamwuliza Palupi mbele yako. Sasa ana sauti.

Mdogo wako,
Suwarsih


Wonogiri, 20 Machi 2017

Dik Sih,

Tu wazima. Nimeupogoa mti wa mkorosho juu ya kaburi la Bapak, baba yetu, ulikuwa unamdondoshea matunda kichwani, na unajua alivyokuwa na hasira. Mwambie mumeo ale chumvi kwa siri kama wanaume wengine.

Lazima nikusimulie habari ya Menik. Menik ni binti wa jirani, rafiki mkubwa wa Palupi na mwizi wake mkubwa. Wiki iliyopita alimchomolea krupuk zake za kukaanga mkononi. Palupi akakasirika mpaka kiti kikatikisika. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, anatafuta tusi. Kibao kikasema: "Tafadhali, karibuni mjumuike nasi."

Menik akala zote.

"We Menik, umemlia mwenzio," nikamwambia.

"Kanikaribisha, Mbah. Umesikia mwenyewe. Tena kwa heshima."

Sasa watoto wote wa hapa wanamwita Ndoro, bibi mkubwa wa ikulu. Wanamwinamia akipita. Hacheki.

Nikampelekea Bu Rum kesi hiyo. Bu Rum akacheka, akakichukua kibao, akatafuta nafasi tupu, ile kona ya juu, kushoto. Akaweka picha ya mkono mwekundu, na yeye mwenyewe akasema ndani yake, kwa lugha yetu ya uani: "Sitaki."

Dik, ungekuwepo. Kuoga? Sitaki. Wali? Sitaki. Shule? Sitaki, na Bu Rum amesimama pale pale. Mbah amependeza leo? Sitaki. Alikuwa anacheka mpaka mate yanamtoka, nami nikawa naulizia mambo ya kijinga ili nikataliwe. Menik alipoleta tena mkono wake alikutana na Sitaki, akaurudisha kama aliyegusa sufuria. Kisha wakagawana nusu kwa nusu. Tangu siku ile hakuna anayesema Ndoro.

Zamani alikuwa akikataa kwa kugeuzia uso ukutani, kidevu juu ya bega la kushoto. Ukuta ule naufahamu kuliko ninavyozifahamu sala zangu. Sasa umepata likizo.

Kwa hiyo juu ya Semarang, muulize. Ningekuwa na akili ningekataa, maana nani atanipimia tempe? Lakini sitatia neno. Nitakaa kama kisiki. Kabla ya hapo ningesema mnamwamulia mtoto asiye na mdomo. Sasa anacho cha kukatalia. Akisema ndiyo, nitamfungia nguo kwa mikono yangu.

Ponidi


Semarang, 19 Aprili 2017

Kang Pon,

Tumepata barua yako na tumefurahi kwamba kaburi la Bapak liko safi. Mume wangu anakusalimu, na anasema ushauri wako ameshaufuata.

Nitafika katikati ya Mei. Nitafuatana na bwana mmoja wa Taasisi, na nimeomba mkuu wa kijiji naye awepo, ili jambo liwe na mashahidi. Tafadhali vaa batiki, si ile fulana ya kampeni. Bwana yule atalala mjini. Mimi nitalala kwako usiku mmoja, nipate kukikagua kifaa kama kinashika chaji.

Habari za kile kitufe nimezisoma. Tutazungumza.

Suwarsih


Wonogiri, 24 Mei 2017

Bi Suwarsih,

Hatujambo. Yaani sijambo, maana nimebaki mmoja. Mbuzi aliyekuwa na jina lako sasa anaitwa Mbuzi.

Naleta nguo zake zilizosahauliwa kwenye kamba. Ile sweta ya njano mikono imekatwa kwa sababu mkono wa kulia haukunjuki, msije mkaishona.

Ulimwuliza vizuri, sikatai. Nilikuwa nimevaa batiki. Ulipiga magoti mbele ya kiti chake, ukasema kama mtu na binti yake, "Palupi, Nduk, ungependa uje ukae na Eyang Semarang, usome huko?" Watu wote wakanyamaza, hata mkuu wa kijiji ambaye hajawahi. Mimi nilikuwa nangoja mkono mwekundu. Nilikuwa nimekwisha kujipanga uso, nisije nikaonekana nafurahi mbele ya wageni.

Akainua mkono. Kibao kikasema: "Nashukuru kwa hisani yenu."

Akabonyeza tena. Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango. Nashukuru kwa hisani yenu. Nashukuru kwa hisani yenu. Kana kwamba mara moja haikunitosha. Mkuu wa kijiji akapangusa macho. Yule bwana wako wa Taasisi akashusha simu aliyokuwa akipigia picha, akasema, "Mtoto ana shukrani huyu." Na Palupi akageuka upande, hata kunitazama hakunitazama.

Mnasema nilikosa adabu kwa kutomuaga. Nilikuwa nyuma, naosha maharage. Gari nililisikia.

Nimembeba mgongoni mpaka shuleni kabla hamjaleta kiti. Nimemtafunia nyama. Alikuwa na neno lake la kukataa, lilikuwa zima, alilitumia kwa wali na kwa sabuni na kwa sura yangu, na siku ya kulitumia kwa ajili yangu akashukuru. Mwambie. La, usimwambie kitu. Mfungo mwema.

Ponidi


Semarang, 14 Julai 2017

Kang Ponidi, kaka yangu,

Idi imepita na hukuandika. Kwa desturi yetu mdogo ndiye anayepiga magoti, kwa hiyo napiga magoti hapa kwenye karatasi: naomba radhi, ya nje na ya ndani, kwa lolote lililokukwaza. Mume wangu alifunga mwezi mzima licha ya daktari.

Palupi yu salama. Chumba chake kina dirisha. Mnyooshaji viungo anakuja kila asubuhi. Amekuwa kipenzi cha Taasisi, na sasa ndiye anayefungua hafla zetu. Wageni wakimwuliza lolote, anashukuru. Mke wa mkubwa mmoja alilia hadi akaharibu wanja wake. Mtoto hana matata kabisa, Kang. Watunzaji wanasema hawajapata mpole kama yeye. Amepungua kidogo, nadhani ni mabadiliko ya chakula.

Bu Rum ameniuliza kwa simu kama anakutaja, na najua ni wewe uliyemtuma. Hajakutaja. Nakwambia ili usijitese kungoja. Nimemtumia Bu Rum filamu fupi ya hafla yetu ya mwisho, mwambie akuonyeshe. Utajivunia.

Suwarsih


Wonogiri, 8 Agosti 2017

Dik,

Radhi yako ya Idi nimeipokea, ile ya jumla. Sasa kaa chini, nataka ya rejareja.

Bu Rum alikuja jana kuchukua tempe, akatoa simu yake, tukakaa kizingitini tukaitazama filamu yako. Nikamwona. Wamemvika kebaya ya waridi na maua kichwani kama bibi harusi. Ana mashavu mawili yaliyoingia ndani. Yule bwana wako akamshushia kipaza sauti: "Palupi, umefurahi kukaa nasi?" Mkono wake ukapanda. Nashukuru kwa hisani yenu. Watu wakapiga makofi. Akabonyeza tena, na tena, na ukumbi mzima ukacheka kwa mapenzi. "Jamani, adabu hiyo," bwana akasema.

Kisha akageuza uso. Pale jukwaani hakuna ukuta, akaugeuzia kwenye pazia. Kidevu juu ya bega la kushoto.

"Simamisha," nikamwambia Bu Rum.

"Nimeona, Mbah."

"Umeona uso?"

"Sikuwa natazama uso. Nilikuwa natazama mkono. Tazama unakokwenda."

Ulikuwa unakwenda kona ya juu, kushoto. Bu Rum akaikuza picha kwa vidole vyake viwili, mpaka kibao kikajaa kwenye simu. Pale penye mkono mwekundu kuna ua.

Mimi mjinga nikasema labda mkono mwekundu mmeuhamishia pengine.

"Mbah," Bu Rum akaniambia, "kitufe hakihamishwi. Huyu hatafuti picha. Mkono wake umeijua njia, kama wewe unavyokijua choo chako gizani. Anakwenda pale pale lilipokuwa neno lake."

Tulikaa hata chai haikunyweka.

Dik Sih. Siku ile nyumbani kwangu alisema sitaki. Alisema mbele ya mkuu wa kijiji, alisema mbele yako umepiga magoti, alisema tena na tena, nami niliandika kwa mkono wangu kwamba alikuwa kama mtu anayegonga mlango. Alikuwa anagonga kweli. Wewe ulikuwa umelala kwangu usiku mmoja, ukikagua chaji.

Na mimi, bwana mkubwa ninayejidai kuujua ukuta ule kuliko sala zangu, mtoto alinigeuzia uso mle mle ndani ya nyumba, na mimi nilikuwa nimekodolea macho kibao kama wengine. Halafu nikaenda kununa kwenye maharage. Hilo ni langu, sikupi.

Lako ni hili, na nataka ulijibu kwa lugha yoyote, ya juu au ya uani. Nilikuandikia Machi kwamba sitatia neno kwa sababu ana neno lake. Ulisoma. Ulipoliondoa, ulikuwa umekwisha kujua kwamba asubuhi yake utamwuliza?

Ponidi


Semarang, 1 Septemba 2017

Kang Ponidi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Joto la hapa si la kawaida, visima vya upande wa kusini vimeanza kukauka. Mume wangu alilazwa siku chache lakini amerudi. Tumepaka rangi ua wa mbele.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Neno lile lilikuwa la uani, Kang, tena kwa sauti ya mtu mwingine katikati ya sauti yangu. Lilikuwa kama jiwe ndani ya wali. Kulikuwa na wageni. Ungependa mkuu wa kijiji atukanwe na mtoto? Ni kitufe kimoja kati ya mamia. Isitoshe, aliye na jambo moyoni huwa anapata njia ya kulionyesha, na mimi sikuona kitu.

Kuhusu swali lako, usiku ule nilikuwa nimechoka na safari. Sikumbuki lipi lilitangulia.

Desemba tuna hafla kubwa na jina lake limekwisha tangazwa. Mtoto harudishwi kama kitambaa kilichokosewa rangi. Tafadhali usije bila taarifa.

Suwarsih


Wonogiri, 9 Oktoba 2017

Dik Sih,

Taarifa nilitoa. Nilikuandikia siku, saa na basi. Mlinzi wa getini akanipokea vizuri, akasema, "Mzee, Ibu Suwarsih amekwenda Salatiga ghafla." Kwa hiyo nakusimulia, maana ni haki yako kujua yaliyotokea ukiwa ghafla.

Kabla ya safari Bu Rum alimpigia simu mama yake Taiwan. Mimi nikashika, nikapiga kelele, na kuku wa jirani wakaacha kutaga. Mama yake alilia kwanza. Kisha akasema, "Bapak, aulizwe tena. Safari hii neno likiwemo." Akamwambia na bwana wako wa Taasisi vivyo hivyo.

Bu Rum alitaka kulirekodi tena yeye. Nikamwambia safari hii ni mimi. Nimevuta sigara za karafuu miaka hamsini, sauti yangu ni kama mlango wa zizi. Nikalisema mara moja, ndani ya simu yake. Tulipofika hapo kwenu Bu Rum akaling'oa lile ua, akaurudisha mkono mwekundu pale pale.

Palupi alikuwa dirishani. Aliponiona hakufanya chochote. Usidhani nilitegemea ngoma.

Nikamwomba bwana wako aulize kwa maneno yale yale ya Mei. Ana kumbukumbu nzuri, ana na filamu. Akapiga magoti kama wewe. "Palupi, Nduk, ungependa ukae hapa Semarang, usome huku?"

Mkono ukapanda polepole. Ulikuwa mkono wa mtu asiyetegemea kitu. Ukatua.

"Sitaki."

Kwa sauti yangu mimi, ya moshi, juu ya zulia lenu. Hata mimi nilishtuka. Yeye akakitazama kibao. Akanitazama mimi. Akabonyeza tena. Sitaki. Safari hii hakugonga, aliweka tu, kama mtu anayeweka mkono juu ya mlango akakuta uko wazi.

"Huenda amegusa kwa bahati mbaya," bwana akasema, amekuwa mwekundu.

"Basi muulize kwa upande wa pili," Bu Rum akasema. Na yeye akauliza: "Palupi, unataka kurudi Wonogiri?"

Akabonyeza picha ya nyumba. "Nyumbani, kama inawezekana, tafadhali." Hiyo ni sauti yako, Dik, yenye marashi. Usije ukasema haikufaa kitu.

Tukaja naye. Amekuwa mwepesi, goti langu halikulalamika. Kwenye basi alilala mapajani kwa Bu Rum. Si kwangu. Sikuuliza.

Swali langu la Agosti bado liko palepale.

Ponidi


Semarang, 12 Novemba 2017

Kang Pon,

Mume wangu yuko vilevile. Ile hafla imeahirishwa na mimi nimepumzika kwenye kazi za Taasisi.

Swali lako nimelijaribu mara nyingi. Kwa lugha ya juu halinitoki mdomoni. Kwa ile nyingine nimezoea kuwakemea wengine tu. Kwa hiyo niache nisilijibu, nawe unajua mtu asiyejibu amejibu nini.

Naomba kuja mwezi wa kuzuru makaburi. Sitalala kwako, nitalala mjini. Sitagusa kitu. Lakini sitaki ruhusa yako, Kang. Nataka umwulize yeye. Na chochote atakachobonyeza, uniandikie kama kilivyo, usinipunguzie.

Dada yako mdogo,
Sih


Wonogiri, 3 Desemba 2017

Dik Sih,

Mvua imeanza. Paa la msikiti limezibwa, imamu sasa anasali mkavu na sala zimekuwa ndefu, kila mtu anajuta. Mbuzi wamekua. Yule mmoja nimemrudishia jina lake, analia kwa utaratibu zaidi kuliko zamani.

Palupi anakula. Mashavu yanarudi. Kibao amekipitia chote na Bu Rum na Menik. Kila kitufe Bu Rum alimwuliza: "Sauti hii ibaki?" Akawa anakataa, na Menik akawa anaingiza ya kwake, anachekacheka ndani ya maneno, huwezi kujua anaomba chai au anakutania. Hivi ndivyo wanavyosema watoto. Sauti yako imebaki mahali pamoja tu, Dik, kwenye ile picha ya nyumba. Hiyo aliulizwa mara mbili, na mara zote mbili aliiacha ibaki.

Barua yako nilimsomea uani, wakati nafunga tempe. Kabla ya kukuulizia wewe, nikaona niulize la kwangu kwanza, mimi ni mkubwa. Nikamwambia, "Nduk, siku ile gari linaondoka Mbah alikuwa nyuma. Alikuwa amenuna. Alidhani umemtupa, hakuja kukuaga. Unamsamehe Mbah?"

Nilikuwa na hakika yangu. Nimemtafunia nyama huyu.

Akanitazama sana. Hakugeuza uso. Siku hizi haugeuzi, ukuta umestaafu kabisa. Mkono ukapanda mpaka kona ya juu, kushoto, na ile sauti yangu chafu ikatoka, ikaniambia machoni pangu: "Sitaki."

Nikamaliza kufunga kifurushi nilichoshika. Kisha nikamwuliza la kwako: "Eyang Sih aje?"

Sitaki.

Nakuandikia kama kilivyo, kama ulivyoomba. Kwa hiyo tuko wawili, mdogo wangu, na sioni nani wa kumlalamikia. Jioni aliinama akaweka shavu juu ya vifurushi, akanipimia. Hakusema kama imekuwa nzuri. Nitamwuliza tena kabla ya mwezi wa makaburi, la kwangu na la kwako, na akikataa nitamwuliza mwaka mwingine. Wewe andika.

Nakuletea tempe kwa dereva wa basi. Ni mimi kaka yako, niliyekataliwa kwa sauti yangu mwenyewe,

Ponidi